Unaniuliza mimi?

Siku ya tano leo na bado namsikia. "Unaniuliza mimi?" Hakusema kwa ukali wala kwa mzaha. Alisema huku amegeuza shingo kuangalia nyuma, kama vile kuna mtu mwingine kasimama pale mchangani Kibirizi, Kigoma, tunapoanika dagaa, na swali ni lake.

Ni Mama Yusta, anayetugeuzia dagaa vichanjani, yule wa mwavuli usiofunga. Aliyemuuliza ni mnunuzi mgeni, kijana wa Tabora aliyeshuka na treni kufuata viroba sita vya dagaa. Alinikuta na daftari, kaka Rama na mzani wake, akatupita wote wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hawa wamekauka?"

"Unaniuliza mimi?"

"Si wewe unayewageuza?"

Akafuta mikono kwenye khanga. Hakugusa wale wa juu. Alizamisha mkono katikati ya rundo hadi kwenye kifundo, akautuliza humo kidogo, kisha akatoa dagaa mmoja na kumvunja nyuma ya kichwa. Hakuvunjika, alipinda. "Ngozi imekauka, tumboni bado. Ukiwafunga leo utafika nao, lakini hutakaa nao."

Kijana akasema, "Basi nalala." Akaenda kutafuta chumba mtaa wa Mwanga.

Vichanja vile vile, kwenye daftari nilishaandika "tayari".

Na si kwamba sijui. Kila anayeuza dagaa hapa anajua kwamba jua kali la saa saba hukausha ngozi upesi na kuyafungia maji ndani, hivyo dagaa anang'aa kama shilingi mpya wakati tumbo bado bichi. Ukimtia kwenye kiroba, maji yale yanatoka polepole, katikati panapata joto, rangi inageuka njano, halafu inakuja ile harufu ya mafuta yaliyochacha. Ukungu unafuata. Kwa nje kiroba bado kizuri. Anayekuja kugundua ni mama fulani sokoni, na lawama anabebeshwa aliyemuuzia.

Mama Yusta huwaanika tabaka moja tu, wavu wa kichanja uonekane kati yao. Hawageuzi mapema: ngozi ikiwa bado laini vichwa vinang'oka, na dagaa asiye na kichwa anaishia kwenye chakula cha kuku. Akishaanza kuwageuza haachi. Kabla ya Magharibi anawakusanya, ila turubai halishuki mpaka wapoe kabisa, maana wakifunikwa na joto lao wanatoa jasho, na asubuhi unawakuta wanateleza. Waliokaa upande wa kivuli anawatenga. Nimeona pia anawatikisa kwenye ungo na kusikiliza. Waliokauka wanalia kama majani makavu. Wabichi wanapiga puu, basi.

Kinachonikosesha usingizi ni hesabu. Kilo nne mbichi zikikauka sawasawa zinabaki karibu moja. Kwa hiyo kila "bado" anayotamka inapunguza mzani wetu, na kaka Rama alivuta midomo pale pale. Lakini Mama Yusta mwenyewe tunamlipa kwa kichanja, si kwa siku. Kuwageuza siku ya pili hakuna malipo. Angesema "wamekauka" angekwenda nyumbani saa tisa na hela ile ile.

Alisema bado.

Nilikaa na furaha ya kijinga siku mbili nzima kwa ajili ya yule kijana. Kumbe heshima haihitaji hotuba, nikawaza, swali moja tu kwa mtu anayejua. Alhamisi, boti za giza hili, za usiku usio na mwezi, zimeleta mzigo mzuri, nikajisogeza kwenye vichanja na sauti yangu laini: "Mama Yusta, hawa je, unawaonaje?"

Akanitazama kuanzia ndala mpaka kilemba. Akacheka.

"Leo na wewe?"

Akaendelea kugeuza. Hakunijibu, na sikuwa na ubavu wa kurudia. Na wewe. Miaka yote hii nimemwambia lete, toa, funika, mvua hiyo, wahi. Nimetafuta kichwani swali hata moja nililowahi kumuuliza nikapata moja tu, kama ameona kalamu yangu.

Jumamosi walileta posa ya Zuhura wetu, tukaipokea. Mimi nilikuwa jikoni na daftari, nachora safu mpya: siku ya pili ya kugeuza. Kichwa cha safu nimeandika. Kiasi bado. Kaka Rama anasema nikimlipa mmoja, kesho pwani nzima itasimama mlangoni, na hajakosea sana, maana wageuzaji wako tisa na wote wanafanya siku ya pili mawingu yakitanda. Nimemwambia basi tuwalipe tisa. Akatoka nje kuvuta sigara.

Sijui pia kama hela ndiyo jibu la "leo na wewe". Safu itakuwepo, lakini kesho asubuhi lazima nimuulize tena, na akicheka nimsubiri amalize kucheka.

Hamisi anakoroma chumba cha pili. Ana miaka sita, hajawahi kukoroma. Nimekwenda mara mbili kumgeuza ubavu, anarudi chali, mdomo wazi.