Jinsi Ninavyoamua Siku ya Kuwahamishia Vifaranga Nje

Umri wa wiki 6 ndio unaotajwa mara nyingi kuwa wakati wa kuwahamishia vifaranga nje, nami nauheshimu, lakini siamui kwa kalenda peke yake, kwa kuwa kinachomkinga kifaranga na baridi si umri bali manyoya. Kifaranga anayetoka kwenye yai ana manyoya laini ya utotoni tu, na mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto. Kwa hiyo wiki ya kwanza mimi huweka joto la nyuzi 32 hadi 35 za selsiasi, kisha hupunguza takriban nyuzi 3 kila wiki kwa kuipandisha taa juu kidogo kidogo. Wakilundikana chini ya taa huku wakilia, najua wanaona baridi. Wakikimbilia pembezoni wakihema midomo wazi, joto limezidi.

Manyoya ya mabawa na mkia huota mapema, na hayo humdanganya mfugaji. Mimi humshika kifaranga mkononi nikamkagua mgongoni, kifuani na shingoni, na nikikuta sehemu hizo bado zina manyoya ya utotoni, nasubiri. Ukaguzi huo naufanya kwa kadhaa, hasa walio wadogo, kwa sababu kundi la umri mmoja haliendi sawa.

Kabla ya kuhama, nawaondolea joto wakiwa bado ndani: kwanza mchana, halafu usiku. Naona hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana kifaranga asiyeweza kulala bila taa ndani hataweza nje, na wanaoona baridi usiku hurundikana kwenye kona hadi walio chini wakakosa hewa. Alfajiri nikiwakuta wamelala kwa kutawanyika, nina jibu langu.

Wakati huohuo, kuanzia wiki ya 4 hivi, huwatoa kwa muda mfupi siku za jua zisizo na upepo, umande ukishakauka. Ardhi yenye unyevu naiepuka kabisa, kwani vimelea vya kuhara damu hukomaa kwenye unyevu na vuguvugu, na vifaranga wa umri huu ndio hushambuliwa zaidi. Ndiyo maana huhamisha kizimba chao mara kwa mara, huinua vyombo vya maji visichafuliwe na kinyesi, na siwachanganyi na kuku wakubwa, ambao huweza kubeba vimelea hivyo bila kuonyesha dalili. Kifaranga anayezubaa mabawa yakiwa yameteremka, au kinyesi chenye damu, ni sababu ya kumwita mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Siku ya kuhama nachagua asubuhi kavu ili wapate mchana mzima wa kulizoea banda kabla ya giza. Chakula na vyombo havibadiliki. Banda lina matandazo makavu, halipitishi upepo chini wanapolala, na wavu wake una matundu madogo, kwani kicheche na panya hupenya pasipodhaniwa. Siku chache za mwanzo siwafungulii, mpaka walijue banda kuwa ndipo pa kulala. Taa naiacha imetundikwa kwenye kona moja, imefungwa imara mbali na matandazo, nayo naiwasha tu mvua ikileta usiku wa baridi kali.