Siku moja maishani mwangu: tabibu wa Tandahimba na rafu ya antibayotiki

Saa 12:30 asubuhi

Julai huku Tandahimba ni msimu wa salfa. Mikorosho inachanua, wakulima wanauwahi ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, kabla haujaunguza maua, na tangu alfajiri mashine za kupulizia zinanguruma mashambani. Vumbi la njano linatua kwenye nguo, kwenye mabati, kwenye ndoo za maji na kwenye vifua vya watu. Nikiwa njiani kwenda kituoni najua tayari malalamiko ya kwanza ya leo yatakuwa nini.

Saa 1:30 asubuhi

Kabla ya kukaa kwenye chumba changu napita dirisha la dawa, maana sipendi kumwandikia mtu dawa isiyokuwepo. Leo tuna amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, kloksasilini, nitrofurantoini, doksisaiklini, metronidazo na penisilini ya benzathini. Seftriaksoni za sindano zimewekwa peke yake, rafu ya juu.

Mpangilio huo tuliuchagua wenyewe. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibayotiki katika makundi matatu: za kuanza nazo, za kutumia kwa tahadhari, na za akiba kwa pale nyingine zote zimeshindwa. Karibu kila kitu kwenye rafu zetu za chini ni kundi la kwanza. Seftriaksoni, siprofloksasini na azithromaisini ni kundi la pili, ingawa mtaani ndizo zinazosifiwa kuwa "dawa kali". Mimi sizigawi dawa kwa ukali. Nauliza mambo mawili: mdudu, yaani bakteria, yupo kweli? Kama yupo, amekaa wapi mwilini?

Saa 2:15 asubuhi

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nipe zile za rangi mbili, kifua kimebana."

Hana homa. Hapumui haraka. Kifua kinapiga filimbi, na kikohozi kilianza juzi aliposhinda kwenye mikorosho bila kuziba pua. Nikamwambia, "Babu, hapa hakuna bakteria wa kuuawa, ni salfa imechoma njia za hewa." Nimempa dawa ya kupanua njia za hewa na kumwelekeza afunge kitambaa puani, apulize upepo ukiwa mgongoni, na akitoka shambani aoge kabla ya kula. Kikohozi kikifika wiki mbili arudi tupime makohozi, tuone kama ni kifua kikuu. Ameondoka hajaridhika sana, lakini ameelewa.

Saa 3:20 asubuhi

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kilo 11, anakohoa na ana homa. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi. Huku kusini malaria ni nyingi, kwa hiyo hilo huwa swali la kwanza, lakini jibu la "hasi" si ruhusa ya kuandika antibayotiki. Nimemwomba mama amnyonyeshe atulie, nikafunua kifua, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya mkononi. Sihesabu nusu dakika nikazidisha mara mbili, kwa sababu watoto hubadili mwendo wa kupumua.

Pumzi 48. Kwa mtoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya mitano, 40 na kuendelea ni kupumua haraka. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 na kuendelea. Kifua hakibonyei ndani, ananyonya vizuri, hajapata degedege. Hiyo ni nimonia ya kutibiwa nyumbani, na dawa yake ni amoksilini: vidonge viwili vya miligramu 250 asubuhi na viwili jioni, siku tano. Huyeyuka kwenye maji kidogo au maziwa ya mama, havihitaji friji, na hakuna cha kukosea kwenye kupima kijiko.

Mama aliuliza kwa nini hatumchomi sindano. Nikamjibu kwamba bakteria anayesababisha nimonia nyingi za watoto, pnyumokoka, kwa kawaida bado hufa kwa amoksilini ya kutosha, na mtoto anayeweza kumeza hana sababu ya kuchomwa. Neno "ya kutosha" nililirudia. Kidonge kimoja badala ya viwili humfundisha mdudu kuishi na dawa.

Saa 4:40 asubuhi

Hapa ndipo asubuhi yangu nyingi hupotea, na sijutii. Dada mmoja, mimba ya miezi sita, ameingia na kusema, "Dokta, UTI imerudi, niandikie sipro kama alizopewa wifi yangu."

Siku hizi kila maumivu ya kiuno, kila uchovu, kila mkojo wa rangi nzito huitwa UTI, na baada ya dawa mbili tatu huitwa "UTI sugu". Wengi wao hawana maambukizi yoyote kwenye mkojo. Huyu anayo: mkojo unamchoma, anakwenda mara kwa mara, na kijiti cha maabara kimeonyesha nitraiti na chembe nyeupe, dalili za maambukizi. Hana homa, na nilipomgonga mgongoni usawa wa figo hakuruka. Kwa hiyo tatizo liko kwenye kibofu.

Siprofloksasini haifai kuwa chaguo la kwanza kwa mjamzito, na doksisaiklini ndiyo kabisa haitakiwi. Nimemwandikia nitrofurantoini, na napenda kueleza sababu: dawa hii hukusanyika kwenye mkojo wakati kwenye damu inabaki kidogo sana. Inamkuta bakteria E. koli pale pale alipo na kuviacha viungo vingine. Kwa sababu hiyo hiyo haifai figo zikishaingiwa. Angekuwa na homa na maumivu ya ubavu ningebadili mpango mzima. Wala nisingeitoa akiwa anakaribia kujifungua, kwa kuwa inaweza kuvunja chembe nyekundu za mtoto mchanga.

Nyuma yake alikuwa kijana mwenye "UTI" pia, kumbe ni usaha unaotoka uumeni. Alishameza sipro za dukani. Gono ya siku hizi mara nyingi haijali sipro, na mwenzi wake naye lazima aje. Tumefunga mlango, tumezungumza.

Saa 6:30 mchana

Jipu pajani. Nimelichana, usaha umetoka, nimefunga kidonda. Wekundu haujasambaa, homa hakuna, antibayotiki sikuandika. Ungesambaa ningechukua kloksasilini badala ya amoksilini, kwa kuwa stafilokoka, bakteria wa majipu, wengi wao wana kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi.

Saa 7:30 mchana

Ming'oko ya kuchemsha, chai, dakika chache za kivuli.

Saa 8:10 mchana

Mzee mwenye karatasi ya kipimo cha Widal kutoka maabara moja ya mtaani: "taifodi, 1:160". Ana uchovu wa wiki nzima, hana homa, tumbo ni laini. Widal ya mara moja hupima kumbukumbu ya mwili, yaani kingamwili, na kumbukumbu hiyo inaweza kutokana na maambukizi ya zamani au ya mdudu mwingine kabisa. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu. Inaniuma kuona watu wakimeza dawa siku kumi na nne kwa sababu ya karatasi. Nilimpima damu, wingi wake uko chini. Tumeanza kutafuta chanzo cha upungufu huo.

Saa 10:05 jioni

Pikipiki imeleta mtoto wa miaka saba: homa kali, anatapika, shingo imekakamaa, anaukimbia mwanga. Malaria hasi. Nimeita muuguzi, mshipa umepatikana, na seftriaksoni ya rafu ya juu imeingia kwa dozi ya homa ya uti wa mgongo kabla hata gari la wagonjwa halijawashwa. Hupenya hadi kwenye maji yanayozunguka ubongo na kuua bakteria wa ugonjwa huu, kazi ambayo vidonge vyetu vya chini haviiwezi, na kusubiri safari iishe kungemgharimu. Rufaa imeandikwa, dozi na saa ya kuichoma juu kabisa, aelekee Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mtwara.

Nitaendelea kubishana na kila anayetaka sindano hii kwa mafua, ili siku kama hii iwepo na iendelee kufanya kazi.

Saa 1:15 usiku

Muuguzi wa Ligula amepiga: mtoto amepokelewa, maji ya mgongo yamechukuliwa. Bado simu iko mkononi, akapiga mwenye duka la dawa muhimu hapa jirani. Ana mteja anayetaka amoksilini sita tu, "za kupunguza kikohozi". Nimemwomba anipe niongee naye. Ni mama aliyeshinda akipuliza salfa. Tumekubaliana asinunue kitu usiku huu, na saa 2 asubuhi aje na mwanawe mdogo pia, maana nimesikia anavyokohoa nyuma ya simu na nataka kuhesabu pumzi zake.