Viatu vya Nyasi Kule Inari

Tulitoka Helsinki kwa treni ya usiku, asubuhi tukashuka Rovaniemi na kupanda basi la kaskazini. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Jua huku halichomozi kabisa siku hizo. Saa sita mchana anga hupata rangi ya wino uliozidi maji, kisha giza linarudi. Binti yangu alilala njia nzima. Mimi nilihesabu poro, wale kulungu wa Aktiki, wamejisimamia barabarani kama ng'ombe wa Garsen, kwetu Kenya, na dereva anawasubiri.

Siida iko ukingoni mwa ziwa Inari, ambalo lilikuwa uwanja mweupe tu. Ni makumbusho ya Wasaami, wenyeji asilia wa kaskazini, na pia kituo cha wageni wanaokwenda hifadhi ya taifa ya Lemmenjoki, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa Ufini. Maonyesho yake mapya yalifunguliwa 2022, na mwaka 2024 yakaipatia tuzo ya makumbusho bora ya Ulaya. Nilidhani nitakuta wanyama waliokaushwa chumba hiki na mavazi ya kienyeji chumba kile. Sivyo. Majira, poro, samaki na watu vimesimuliwa pamoja, na sawa kabisa, kwa sababu hata ndani ya hifadhi watu wanachunga. Kila mfugaji ana alama yake anayoikata kwenye masikio ya poro. Wafugaji wa kwetu hawahitaji kufafanuliwa hilo.

Nilipokwama ni kwenye viatu. Vya ngozi ya miguu ya poro, manyoya nje, ncha imepinda juu ili ishike kamba ya ubao wa kuteleza thelujini.

"Mama, soksi ziko wapi?"

Hakuna soksi. Ndani hushindiliwa nyasi kavu, zilizopigwapigwa zikalainika. Zikilowa jasho, unazitoa, unazianika, unazirudisha. Mimi nilikuwa na jozi tatu za sufu na vidole sivisikii.

Vitu vingi vya Wasaami vilikaa Helsinki miaka na miaka. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Ufini ilikabidhi Siida mkusanyo wake wote wa Kisaami, vitu zaidi ya 2,200. Niliposoma hilo nilikaa kwenye benchi. Sisi Wapokomo wa mto Tana tuna Ngadji, ngoma yetu kuu, iliyochukuliwa na Waingereza enzi za ukoloni. Imo stoo ya British Museum, London, zaidi ya miaka 100 sasa.

Dukani nilishika kikombe cha mti wa betula, nikageuza bei kuwa shilingi kichwani, nikakirudisha polepole.

Usiku nikampigia mjomba Garsen.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Baridi haijawamaliza?"

Nikamweleza. Akauliza, "Wamerudishiwa vyote?"

"Vyote vya makumbusho ile."

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Na hizo nyasi," akasema, "zinaota majini au nchi kavu?"

"Kwenye maji, mjomba. Kando ya mito na vinamasi."

"Kumbe hata sisi tunazo," akasema, akaanza kunitajia za Tana, moja moja, kwa majina ambayo binti yangu hajawahi kuyasikia.