Nimekuonyesha kwa Macho Yako

Neno la juma hili: Kumbukumbu la Torati 34:1–7 na Zaburi 90

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sura ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati tumezoea kuisikia ikihubiriwa kama adhabu. Musa aliupiga mwamba kule Meriba, akaambiwa hataingia Kanaani; apande mlimani, aitazame nchi kwa mbali, kisha afe. Kosa lilikuwepo na Biblia hailifichi. Lakini naomba juma hili tuisome tena polepole, hasa sisi tuliokwisha kustaafu, na tuangalie ni nani anayefanya kazi katika mistari hiyo. Ni Bwana. Anamwonyesha Musa nchi mahali kwa mahali: Gileadi hata Dani, Naftali yote, Efraimu na Manase, Yuda hata bahari ya magharibi, Negebu, bonde la Yeriko mji wa mitende, mpaka Soari. Kama lengo lilikuwa kumwadhibu tu, angeachwa afie bondeni pamoja na mahema. Badala yake mzee wa miaka 120 anapandishwa Nebo, na Mungu mwenyewe anakuwa mwenyeji wake wa safari. Alinyimwa kumiliki. Kuona hakunyimwa, na Biblia inaongeza kwamba jicho lake lilikuwa halijapofuka.

Sura hii imenikaa moyoni tangu turudi kutoka Marekani, mimi na Baba Neema. Binti yetu anafanya kazi ya uuguzi Dallas, Texas, na kwa muda mrefu alikuwa akituomba tuende tuone anakoishi na tutembee kidogo tukiwa bado na nguvu. Wako ndugu waliotuuliza, kwa upendo kabisa, kama ni halali kwa wazee wa kanisa kutumia fedha na siku kwenda kutazama majengo, mabonde na miti, wakati shamba lipo na wajukuu wana ada. Swali ni la haki. Mimi huwajibu kwa Hesabu 8: Walawi walipofika miaka 50 waliacha ile kazi nzito ya hema, wakabaki kuwasaidia ndugu zao. Mungu ndiye aliyepanga mtu apumzike akiwa hai. Na yeye mwenyewe, alipomaliza kuumba, alikitazama kila kitu alichokifanya na kuona ni chema sana. Anayeketi kutazama kazi ya Mungu hajaacha ibada.

Tulitua Washington kwanza. Nitapita upesi hapa, ingawa mji ni mzuri na majumba yake ya makumbusho mengi hayatozi kiingilio. Tulipanda taratibu ngazi za jengo la kumbukumbu ya Lincoln mpaka mahali palipochongwa maandishi kuonyesha aliposimama Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za weusi, tarehe 28 Agosti 1963. Watu walikuwa wanapiga picha. Baba Neema alisimama, akageuka kutazama lile bwawa refu lililo mbele, akasema angependa kuona pia mahali King alipomalizia safari yake. Ndiyo sababu tulipofika Dallas tuliomba tupelekwe Memphis.

Ni mwendo wa kutwa nzima kwa gari, unakatiza jimbo la Arkansas, na mwisho unavuka mto Mississippi ndipo unaingia mjini. Lorraine Motel, nyumba ya wageni King alipouawa, bado ipo. Tangu 1991 ni jumba la makumbusho ya haki za raia. Nje ni jengo la kawaida la ghorofa mbili, milango inatazama maegesho ya magari. Kwenye reli ya baraza ya juu, mbele ya chumba namba 306, limetundikwa shada la maua jekundu na jeupe. Ndani utakiona chumba chenyewe kupitia kioo, kimetengenezwa kionekane kama kilivyokuwa tarehe 4 Aprili 1968.

Kabla hujafika kwenye chumba hicho unapita kwenye habari ya wazoa taka, na hapo ndipo nilipokaa zaidi. Tarehe 1 Februari mwaka ule, Echol Cole na Robert Walker walijikinga mvua nyuma ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukajiwasha, ukawaua. Siku chache baadaye wenzao kama 1,300 wakagoma, wote weusi, wakaandamana na mabango yenye maneno machache: Mimi ni mtu. King alikuja Memphis kwa ajili ya hao. Mtu aliyekwisha kupokea Nobeli alikuja kusimama na wabeba mapipa ya taka, na kwa macho ya dunia hii haikuwa lazima.

Usiku wa tarehe 3 Aprili, nje kukiwa na dhoruba, aliwahutubia katika kanisa la Mason Temple. Aliishika sura hii hii tunayoisoma leo. Alisema kwamba kama mtu yeyote angependa kuishi maisha marefu, lakini kwa sasa hilo halimsumbui. Mungu amemruhusu kupanda mlimani, ameiona nchi ya ahadi, pengine hatafika huko pamoja nao, ila wao kama watu watafika. Kesho yake jioni alipigwa risasi barazani. Alikuwa na miaka 39.

Wapendwa, mimi nina karibu maradufu ya miaka hiyo. Mume wangu alikuwa kijana wa shule mwaka ule, habari zilifika kwa redio. Tulisimama pale chini tukimtazama kwa macho ya wazee mtu ambaye hakupewa uzee, na nilitambua kwamba nywele nyeupe, magoti yanayouma, pensheni, safari ya kutembea na mwenzi wa ujana wangu, vyote ni vitu ambavyo yeye na mkewe hawakupata kuvifurahia pamoja. Musa alionyeshwa nchi akiwa na miaka 120. King aliiona akiwa na 39. Wote wawili waliishia kuiona tu, na wote wawili waliwaambia watu walio nyuma yao waendelee. Sielewi hesabu ya Mungu katika hilo. Najua tu kwamba ukipewa miaka ambayo wengine hawakupewa, kulalamika juu yake ni vigumu baada ya kusimama Memphis.

Kutoka Dallas tukaruka hadi Phoenix, halafu kwa gari kuelekea kaskazini, jangwa likawa msitu wa misonobari, hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon. Ukingo huo uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Bonde lina urefu wa kilomita 446, upana unafika kilomita 29, na kutoka pale unaposimama hadi mto Colorado chini ni karibu kilomita moja na nusu kwenda wima. Mto uliolichimba, sehemu nyingi za ukingoni huuoni kabisa. Askari wa hifadhi wameweka vibao kuwaonya watu wasijaribu kushuka mtoni na kurudi siku moja, na pale wana msemo kwamba kushuka ni hiari, kupanda ni lazima. Vijana walitupita na mabegi mgongoni, wakashika njia ya chini. Sisi tulibaki juu, kwa sababu ya magoti ya Baba Neema.

Na Mungu alikuwa ametuwekea kitu hapo juu. Kando ya ukingo kuna njia ya lami iliyo tambarare, na chini yake vimepigiliwa vibao vidogo vya shaba kila baada ya mita moja. Kila mita ni miaka milioni moja. Unaanzia wakati wa sasa, unatembea kurudi nyuma, na kando ya njia wameweka mawe yaliyotolewa bondeni, kila jiwe mahali pa umri wake, ili uliguse. Ukishatembea mita 270 ndipo unafika kwenye jiwe la tabaka la juu kabisa, lile unalolikanyaga ukingoni. Ndani yake kuna mabaki ya viumbe wa baharini. Jiwe kongwe kuliko yote liko mbele sana, zaidi ya mita 1,800.

Baba Neema alikuwa mpima ardhi maisha yake yote ya kazi. Mtu wa namna hiyo ukimpa kipimo hawezi kuacha kupiga hesabu. Alikwenda mita chache, akarudi kwenye kibao cha kwanza, akainama kwa shida huku ameshika fimbo, akaniita. "Mama Neema, kama mita ni miaka milioni, basi milimita moja ni miaka elfu." Akanionyesha kwa kucha ya kidole gumba pale kwenye lami. Tangu Bwana wetu azaliwe Bethlehemu mpaka leo, milimita mbili na ushei. Nikamuuliza, na sisi je? Akafikiri. Miaka 70 haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Ni unene wa unywele mmoja.

Tulikaa kwenye benchi tukafungua Zaburi 90. Kichwa chake kinasema ni maombi ya Musa, mtu wa Mungu. Ni mzee yule yule wa Nebo! "Maana miaka elfu machoni pako ni kama siku ya jana ikiisha kupita." Na mbele kidogo: "Siku za miaka yetu ni miaka sabini, na ikiwa tuna nguvu miaka themanini." Nimeisoma Zaburi hii misibani tangu ujana wangu, na siku zote niliisikia kama kilio. Pale ukingoni niliisikia kama kicho cha mtu aliyeona kitu kikubwa mno, akashukuru kwamba Mwenye kitu hicho anamjua kwa jina. Huyu ambaye kabla haijazaliwa milima alikuwa Mungu, ndiye aliyemwonyesha Musa mji wa mitende. Unywele mmoja katika mita 1,800, na nywele za vichwa vyetu, Bwana Yesu anasema, zimehesabiwa zote.

Najua wako miongoni mwetu wanaosikia uzito wakitajiwa miaka mamilioni. Sitaki kubishana nao. Ninachosema ni kwamba mimi sikuona imani yangu ikipungua mbele ya mawe yale. Mungu niliyefundishwa shule ya Jumapili alikuwa mkubwa, na pale nilimwona mkubwa zaidi.

Jambo jingine nisilipite. Ndani ya bonde lile wanaishi watu, Wahavasupai, na walikuwepo kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1919. Walibanwa kwenye kipande kidogo cha ardhi, wakadai miaka mingi, na mwaka 1975 Bunge la Marekani likawarudishia sehemu ya nchi yao. Bustani iliyoko katikati ya njia ya kushukia ilipewa jina lao mwaka 2022. Tunapofurahia mandhari tuombe pia kwa ajili ya waliofukuzwa ili sisi tuyaone. Rais Theodore Roosevelt alipofika mwaka 1903 aliwataka watu wa Arizona waliache bonde kama lilivyo, kwa kuwa binadamu hawezi kuliboresha, anaweza kuliharibu tu. Alisema neno jema. Wenyeji wake walistahili kuhesabiwa katika wema huo.

San Francisco tulikaa kidogo, ukungu ukatufichia sehemu kubwa ya daraja la Golden Gate, tukaendelea kusini hadi kwenye msitu wa mikwoya mikubwa. Mti uitwao General Sherman una urefu wa kama mita 84 na umri unaozidi miaka 2,000, na bado kila mwaka unaongeza mbao mwilini. Shina lake lina makovu meusi ya moto. Kwa miaka mingi wahifadhi walizima kila moto msituni wakidhani wanailinda miti hii, kisha wakagundua kwamba miche haioti: vikoni vyake, yaani vifuko vya mbegu, hufunguka kwa joto la moto, na mbegu zinataka majivu na mwanga. Siku hizi wanauchoma msitu wenyewe kwa uangalifu. Lakini moto ukiwa mkali mno, kama ule wa 2021, walikuja wakalifunika shina la Sherman kwa karatasi za alumini zisizoshika moto, ukapona. Zaburi 92 inasema wenye haki "watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi." Nilipata kumwomba Mungu anitofautishie: moto upi nahitaji kupitia, na upi naomba anifunike.

Sasa naleta ombi kwa jumuiya zetu. Tuna wazee wengi hapa Moshi ambao hawatakwenda Arizona, na hawahitaji kwenda. Wapo waliozaliwa chini ya Kilimanjaro ambao hawajawahi kulifikia Ziwa Chala, ilhali si mbali. Ziwa lile liko ndani ya mlima wa volkano; kushuka majini ni kugumu, lakini ukingoni mzee anaweza kuketi na kutazama. Nimezungumza na Mama Mchungaji, amekubali tuwapeleke Jumamosi moja kabla ya masika. Tunahitaji Coaster yenye ngazi ya chini, viti vyenye egemeo, uji na chai kwenye chupa, na kijana mmoja kwa kila mzee wa kumshika mkono. Wenye wazee nyumbani waandikishe majina kwa mzee wa kanisa wa mtaa wao, na waseme pia kama anatumia dawa za presha au sukari, ili wauguzi wetu wajiandae.