Usiku wa kupima mayai ya bata bukini, Busia

Saa 12 asubuhi. Adhana haijaisha, dume keshaanza kupiga kelele. Nawafungulia banda, dume na majike watatu wanatoka mbio kwenye nyasi zenye umande. Jike wa nne hatoki. Leo ni siku ya 10 tangu aanze kutamia, na usiku nitayapima kwa mwanga mayai anayoyalalia, yake na ya wenzake, nione yapi yana uhai. Nimelala vibaya kwa kuliwaza jambo hilo.

Saa 1. Ndani ya tairi la lori kuna yai la Kahawia, mmoja wa majike hao watatu, bado lina joto. Yeye peke yake hutagia humo, kwa hiyo naliandika K na tarehe kwa penseli. Nilianza kuandika herufi baada ya msimu uliopita: mayai 9, vifaranga 2. Nilimlaumu mtamiaji, nusura nimchinje. Namshukuru Mungu sikumchinja.

Saa 2. Navunja yai hilo kwenye sahani nyeupe kabla ya kulikaanga. Juu ya kiini huwa kuna doa jeupe. Likiwa na duara kama pete, yai limepata mbegu. Likiwa doa dogo lililojaa tu, halikupata. La Kahawia halina pete. Yai moja si ushahidi, lakini moyo umeshtuka.

Mchana niko kibandani, nauza nyanya. Hajati ananiuliza tena vifaranga vyake. Namwambia, "Hajati, nipe mpaka kesho."

Saa 10 jioni. Najaza maji kwenye nusu pipa nililolifukia ardhini, maana bukini hupenda kupandana majini. Leo nimekaa kwenye kigoda nikatazama kwa makini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Dume anawapanda wale weupe wawili. Kahawia akisogea, anamnyoshea shingo na kumfukuza. Bukini huchagua mwenzake, na asiyechaguliwa hutaga vilevile.

Saa 2 usiku. Ganda la bukini ni nene, kwa hiyo nasubiri giza totoro. Binti yangu anamfunika mtamiaji kichwa kwa leso asitudonoe. Nimetoboa boksi tundu dogo, ndani nimeweka tochi ya simu. Kila yai nalikalisha juu ya tundu, upande mpana chini, kwenye mfuko wa hewa.

La kwanza: mishipa myekundu imetandaa kama utando wa buibui, katikati kitu cheusi kinacheza. Binti akapiga kigelegele, nikamnyamazisha huku nami nikicheka. Mayai 6 yako hivyo. Moja lina pete ya damu: kijusi kilianza kikafa. Mawili yanang'aa matupu, kivuli cha kiini tu. Nayageuza nisome herufi. K. K.

Kwa hiyo mtamiaji hana kosa, na joto lilitosha. Yale matatu nayatoa, hasa lenye pete, kwa sababu likioza linaweza kupasuka na kuchafua yaliyo hai. Sita yanarudi kifuani kwake. Anayasukuma kwa mdomo mpaka yakae anavyotaka yeye.

Saa 4. Bukini huangua karibu siku ya 30, nimeizungushia duara kwenye kalenda. Hajati nitampa vifaranga vinne. Na asubuhi nitapanda boda njia ya Majanji, kwa mzee mmoja mwenye dume asiye na jike, nikamwombe Kahawia akae kwake msimu huu.