Siku moja maishani mwangu: geti la malipo na ile 85,000 ya Kariakoo

Saa 11 na robo alfajiri alamu inalia, Kimara bado giza, naoga fasta nawahi mwendokasi kabla kituoni hakujaanza kusukumana. Mimi ni developa, tuko wanne, tunaijengea benki moja hapa Dar mfumo wa kupokea malipo kwa wateja wake wenye maduka, yaani kadi, hela za simu na TANQR (ile QR ya pamoja ya malipo ya Tanzania) vyote vipite sehemu moja na pesa itue kwenye akaunti ya mwenye duka. Sisi tunauita geti. Bado ni majaribio, maduka machache tu, ila hela ni za kweli kwa hiyo presha nayo ni ya kweli.

Saa 1:30 asubuhi niko ofisini Posta. Kabla ya chai nafungua ripoti inayolinganisha miamala yetu na faili la benki. Haziendani, tena! Miamala 9 benki inasema ni ya jana, kwetu imekaa juzi. Nimehangaika weee, chapati imepoa, ndo naona yote imefanyika kati ya saa 6 na saa 9 usiku. Kumbe seva yetu inasoma saa za UTC, yaani saa za kimataifa, iko nyuma ya Dar masaa matatu, kwa hiyo muamala wa saa 8 usiku huku kwetu, kwake bado ni saa 5 usiku ya siku iliyopita. Hatukuiona mapema kwa sababu nani ananunua kitenge saa nane usiku, mpaka tulipomuingiza mwenye duka la dawa linalokesha.

Saa 3 napitia kazi ya dogo wetu. Ujumbe wa kadi unaenda kwa mpangilio wa kimataifa unaoitwa ISO 8583, sehemu ya 4 ndo ya kiasi, tarakimu 12, na shilingi yetu kimataifa inaandikwa na tarakimu mbili za senti nyuma japo senti yenyewe sijui nani kaiona mara ya mwisho. Dogo katuma 15000 akajua ni elfu 15, kumbe kakata shilingi 150. Ni kwenye mazingira ya kutestia, tukacheka. Ambacho sikucheka ni logi zake, yaani mafaili ambayo mfumo unaandika kila ulichofanya, namba zote 16 za kadi ziko wazi kabisa, wakati PCI DSS, yale masharti ya usalama wa kadi, hayakuruhusu hata kidogo, na zile tatu za nyuma ya kadi hutakiwi kubaki nazo muamala ukishapita.

"Dogo, futa hizi sasa hivi."
"Poa bro, nilikuwa nadibagi tu, natafuta kosa."

Wote huwa wanadibagi tu.

Saa 6, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 7:40 mchana simu inaita, mama mmoja wa vitenge Kariakoo. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, huku kuna balaa, mteja kalipa elfu 85, meseji ya kukatwa anayo mkononi, kwangu imeandika imeshindikana, nimwambie alipe tena?" Nikaruka kwenye kiti. Usimwambie alipe tena mama, nipe dakika tano, mkalishe hapo.

Iko hivi. Mteja akilipa kwa simu tunamsukumia ombi, anaweka namba ya siri, halafu sisi tunasubiri jibu sekunde 60, na jibu lisipokuja mfumo wetu ulikuwa unaandika imeshindikana. Sasa kutojibiwa na kukataliwa ni kitu kimoja? Kadi ikikataliwa unaambiwa, 51 hela haitoshi, 91 benki ya mteja haipatikani. Kimya hakina namba. Na kosa ni letu, tena niliandika mimi mwenyewe ule mstari miezi mitatu iliyopita nikaona nimemaliza. Nikauliza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu, jibu: umefanikiwa. Kuurekebisha kwa mkono lazima tuwe wawili, mimi naomba, dada wa benki anaidhinisha, na dada alikuwa ameenda kula, basi mteja kakaa Kariakoo dakika 25 kapewa soda.

Saa 10 kikao. Nataka rangi ya njano kwenye skrini ya duka, ya malipo ambayo jibu lake bado. Mkubwa mmoja wa benki hataki, anasema wafanyabiashara hawapendi mambo mengi, kijani au nyekundu basi. Nikamwambia mzee wangu, nyekundu ya uongo ndo inamfanya mtu alipe mara mbili. Kimya. Akaniokoa yule dada, "jamani, simu za malalamiko napokea mimi." Njano ikapita: "inasubiri, usilipishe tena", mfumo uulize wenyewe baada ya sekunde 30, dakika 2, dakika 10, na oda ileile ikirudi na namba ileile isikatwe mara ya pili.

Benki hairuhusu kugusa mfumo ulio laivu kabla ya saa 5 usiku, kwa hiyo nimerudi nyumbani nikala nikafungua laptopu. Saa ya ukutani inasema saa 5, simu inasema 23:00, seva inasema 20:00. Nimepandisha mabadiliko, nikajilipa shilingi 1,000 nikazima jibu makusudi. Njano ikawaka. Sekunde 30, kijani.

WhatsApp kuna voisi ya yule mama tangu jioni, anauliza soda ya mteja anamdai nani.