Betri za laptopu zilizotupwa: sasa napima seli

Betri zote nilizoziokoa kwenye taka ili nitengeneze taa ya kusomea nimeshazifungua. Makasha nimeyapasua taratibu kwenye mshono kwa kipande cha plastiki ngumu. Bisibisi nimeiweka mbali, maana chuma kikitoboa seli (betri ndogo zilizomo ndani ya kasha) au kuunganisha ncha zake mbili, moto unaweza kuwaka papo hapo. Mezani zimebaki seli zile za duara, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, ndiyo maana mafundi huziita 18650.

Kinachonipa moyo ni hiki: betri ya kawaida ya seli 6 ni jozi 3 zilizopangwa mfululizo, kila jozi volti 3.7, jumla 11.1. Jozi moja ikichoka, saketi ya ulinzi huizima betri nzima. Mwenyewe anaona imekufa, anatupa. Moja niliyoipima jana jozi ya kati ilisoma volti 0.9, na seli nyingine nne zote zilikuwa juu ya 3.5. Seli nne nzima zilikuwa zinaelekea jalalani kwa ajili ya mbili!

Iliyo chini ya volti 2 siichaji kabisa. Seli ikikaa muda mrefu katika hali hiyo, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji inaweza kujijenga upya mahali pasipostahili na kuleta shoti. Hizo, pamoja na zenye kutu au zilizobonyea, nimezifunga ncha kwa utepe, zinasubiri kupelekwa wanakopokea betri chakavu.

Zilizobaki nazichaji moja moja hadi 4.2, nikiwa karibu, na kila mara naziwekea mkono. Inayopata joto naitoa. Kisha naziacha zitulie wiki kadhaa bila kuguswa. Inayojishukia yenyewe chini ya 4.0 siitumii, hata ikiwa na ujazo (kiasi cha umeme inachoweza kutunza) mzuri kiasi gani. Wengi hatua hii wanairuka kwa haraka ya kuona taa ikiwaka, nami naona ndiyo inayolinda nyumba.

Zitakazopita nitazipima ujazo. Nyingi zikiwa mpya zilikuwa na miliampea-saa 2,200 hadi 2,600. Kwangu 1,500 inatosha, kwa kuwa ninachotengeneza ni taa ya kusomea. Nitaziunganisha sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zenye ujazo unaokaribiana, kila moja na fyuzi yake. Sitazilehemu, kwa sababu joto la risasi huziumiza. Nimeshapata vishikizo vya kuzipachika, navyo vimetoka kwenye chaja mbovu iliyotupwa.